Bibi alipimwa macho kwa heshima

Nawapa nyota tano duka hili la miwani la Mji wa Kale, Mombasa. Kliniki ya kwanza walimwekea bibi yangu chati ya herufi za Kizungu. Akanyamaza, wakaandika kwamba hatoi ushirikiano. Jamani, bibi anasoma msahafu tangu utotoni! Hapa kijana alianza na shikamoo, akavuta kiti, akatumia chati ya E: bibi anaonyesha kwa vidole miguu ya hiyo E imeelekea wapi, basi. Ulipofika wakati wa kusogeza ushungi, akamwita dada mwenzake. Halafu akamwomba bibi afungue msahafu, aushike kama anavyoushika nyumbani, ndipo akachagua lenzi za kusomea. Bibi akaanza Yasin palepale, kwa sauti. Foleni ni ndefu, nendeni asubuhi.