Uzoefu wangu: kulala kwa mwanafunzi mwenyeji wakati wa usaili wa udaktari Marekani, kisha kuwa mwenyeji

Huduma ninayoitathmini hapa nimeitumia kutoka pande zote mbili. Nililala kwa wenyeji wanne nilipokuwa nikizunguka kwenye usaili wa vyuo vya tiba nchini Marekani, kati ya Oktoba 2017 na Februari 2018, na baada ya kupata nafasi niliwapokea waombaji kumi na mmoja chumbani kwangu kabla usaili haujahamia kwenye intaneti mwezi Machi 2020. Swali ambalo ndugu zangu wa Tanga wameniuliza mara nyingi, na ambalo mimi mwenyewe nililala nalo usiku wa kwanza, ni hili: mwanafunzi wa udaktari, ambaye hapati hata muda wa kufua nguo zake, ana sababu gani ya kumlaza mtu asiyemjua, bila kulipwa, usiku wa kuamkia siku ya masomo?

Utaratibu wenyewe, kabla ya 2020, ulikuwa mwepesi. Chuo kikishakuita kwenye usaili, ofisi ya udahili ilikutumia fomu iliyouliza kama ungependa kulala kwa mwanafunzi, kama paka au mbwa wanakuletea mzio, kama unataka mwenyeji wa jinsia yako, na pengine kama unavuta sigara. Siku chache baadaye ulipata jina na namba ya simu, na mengine mlipanga wenyewe. Wenyeji karibu wote walikuwa wa mwaka wa kwanza na wa pili, kwa sababu wa mwaka wa tatu walikuwa wamekwisha kuingia wodini na wengine walitoka nyumbani kabla ya alfajiri. Ulichokikuta kilikuwa kochi au godoro la kujaza upepo. Ukibahatika ulipewa na taulo.

Anayetoka kwetu anaweza kushangaa kwa nini jambo hili linahitajika hata kidogo. Binamu yangu aliingia Muhimbili kwa matokeo yake ya kidato cha sita, na hakuna mtu wa chuo aliyeuona uso wake hadi siku ya kuripoti. Marekani udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, na alama, hata ziwe nzuri namna gani, hukufikisha mlangoni tu. Ndani huingii mpaka usailiwe. Mwaka nilioanza mimi, 2018, walioomba vyuo vinavyotoa shahada ya udaktari wa tiba (MD) walikuwa zaidi ya 52,000, na walioanza masomo hawakufika 22,000. Kwa hiyo mtu huomba vyuo vingi ili asikose vyote. Mimi niliomba kumi na vinane, na ada ya kawaida ilikuwa dola 160 kwa chuo cha kwanza na karibu dola 40 kwa kila kimoja kilichofuata, mbali na ada ambazo vyuo vyenyewe huomba kwa fomu zao za pili. Upo mpango wa kuwapunguzia ada waombaji wasio na uwezo, na mimi ningezama bila huo, lakini haukunilipia nauli wala kitanda. Nikaitwa vyuo saba, katika miji saba, na hoteli iliyokuwa karibu na hospitali ya kwanza ilitaka dola 180 kwa usiku mmoja. Kochi la mtu lilikuwa ndiyo njia yangu ya kufika.

Mwenyeji wangu wa kwanza alikuwa Philadelphia. Mama alikuwa ameniambia kwa simu kwamba mkono mtupu haulambwi, na kwa kuwa sikuwa na cha maana cha kununua, nilikaanga visheti usiku wa kuamkia safari nikavitia kwenye kopo la biskuti. Nilipogonga mlango, kijana aliyefungua alirudi nyuma hatua mbili na kuniomba radhi, akasema nisimsogelee kwanza kwa kuwa alikuwa ametoka kupasua maiti ya kujifunzia na nguo zake zilikuwa zinanuka fomalini. Aliingia kuoga huku akinielekeza kwa sauti mahali pa kuweka begi. Alipotoka alinionyesha pasi, soketi ya kuchajia simu na basi la kupanda asubuhi, kisha akaniambia kwamba ameangalia kwenye simu yake na kibla kiko upande wa jokofu. Sikuwa nimemwuliza. Katika barua pepe yangu nilitaja tu kwamba huamka mapema kwa ajili ya swala, ili asishtuke akisikia maji yakimwagika.

Usiku ule tulikula visheti vyote, na ndipo nilipomwuliza kwa nini anajitolea. Alitazama kopo tupu kwa muda, akasema kwamba mwaka uliotangulia yeye alilala kwenye kochi la msichana wa mwaka wa pili huko Chicago, kwamba alimshukuru kwa kadi lakini akaishia kukubaliwa chuo kingine, na kwamba hajui afanye nini na deni hilo zaidi ya kumlaza mtu mwingine. Nilimwelewa mara moja, kwa sababu ni kile kile ambacho wanafunzi wa vyuo vya Dar es Salaam hukiita kubebana: umekosa chumba hosteli, mtu anakupisha nusu ya kitanda chake, na mwaka unaofuata, ukipata chumba, humrudishii yeye, bali unambeba mwingine. Tofauti ni kwamba kubebana hufanywa kwa kificho, bila msimamizi kujua, ilhali huku ofisi yenyewe ndiyo iliyogawa majina.

Kwa miezi kadhaa niliamini kwamba jibu la swali langu ni hilo na limekwisha. Nilipokuwa mwenyeji niligundua kwamba deni hueleza mgeni wa kwanza tu, labda na wa pili. Halielezi kwa nini mtu anajaza fomu ya kupokea wageni kwa mara ya saba, wakati ana mtihani wiki inayofuata.

Novemba 2018 nilifeli mtihani wangu wa kwanza wa anatomia. Nilikuwa nimekubali mgeni wiki tatu kabla, na nikaona aibu kughairi. Alifika saa mbili usiku, akiwa na suti kwenye mfuko wa plastiki, na kabla hajaketi aliona mchoro niliokuwa nimeubandika juu ya sinki la vyombo ili niukariri nikiosha sahani: mtandao wa neva za bega, ule unaoanza na mizizi mitano shingoni, ukaungana, ukagawanyika, ukaungana tena, hadi ukatoa matawi makuu matano yanayoshuka mkononi. Aliniuliza ni nini. Sikuwa na ruhusa ya kumwingiza maabara, basi nikachana mfuko wa karatasi uliokuja na chakula nikauchora mtandao ule upya, nikamweleza kwa nini mtu aliyelala usingizi mzito huku mkono wake umening'inia juu ya mgongo wa kiti anaweza kuamka akakuta kiganja kimelegea hawezi kukiinua. Alicheka, akautazama mkono wake, akalitazama kochi langu. Nilipomaliza nilitambua kwamba nimeuchora mtandao wote bila kutazama ukutani, nikiwa nimefeli mtihani huo huo siku nne zilizopita.

Lakini jambo lililonigusa halikuwa hilo la kukumbuka. Yule mgeni alinisikiliza kama mtu anayepewa habari za mji anaotamani kuhamia. Mimi nilikwisha kuhamia mji huo na kwa miezi mitatu nilikuwa nikilalamika kuhusu maji na umeme. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huzungukwa na watu waliopata kile alichokipata yeye, kwa hiyo hakuna hata mmoja anayekiona kuwa ni kitu; kila mmoja anahesabu mitihani na kujilinganisha na wenzake. Mgeni wa usaili ndiye mtu pekee anayeingia nyumbani kwako akiwa bado anakitaka. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na wengi huchukulia kwamba mwenyeji hupona kwa sababu siku hiyo kuku huchinjwa. Mimi sikuchinja kuku, nilipasha wali kwenye maikrowevu, na bado nilipona. Wiki iliyofuata nilijaza fomu tena, na tangu hapo sikuwa tena nikilipa deni la yule kijana wa Philadelphia.

Wenzangu walikuwa na sababu nyingine, na sitaki kuzifanya zote zifanane na yangu. Mmoja alisema waziwazi kwamba darasa letu lina watu wapatao mia moja na hamsini ambao wataonana kila siku kwa miaka minne, na kwamba afadhali yeye amshawishi mtu mwema aje kuliko kuwaachia kazi hiyo watu wa vipeperushi. Rafiki yangu mmoja, mzaliwa wa Haiti, aliiomba ofisi imletee waombaji weusi kila wapatikanapo, kwa kuwa yeye alisailiwa vyuo vinne bila kumwona mwanafunzi anayefanana naye isipokuwa kwenye picha. Wapo pia waliotaka kuliandika jambo hili kwenye wasifu wao. Nao hawakufika mbali nalo, kwani kipindi kile, ulipoomba nafasi ya mafunzo ya ubingwa, macho yalikuwa kwenye alama ya mtihani wa kwanza wa leseni, ambayo ilitolewa kwa namba hadi Januari 2022, pamoja na barua za walimu. Idadi ya watu uliowalaza haikuwa na uzito wa kutajwa. Chuo chetu kiliwashukuru wenyeji kwa chakula kimoja cha mchana cha piza kwa mwaka mzima, nayo ilikuwa imepoa.

Kasoro zipo. Katika mji mmoja, ambao siutaji, mwenyeji wangu alisahau. Nilikaa kwenye ukumbi wa kuingilia wa jengo lake kuanzia saa tatu hadi saa tano na nusu usiku, suti mapajani, mlinzi akinitazama kama mtu aliyekosea nyumba, na namba ya dharura ya ofisi iliita bila kupokelewa. Hatimaye alikuja mbio kutoka maktaba, ameshika kichwa, na sikuweza kumkasirikia, lakini usaili wa kesho yake niliufanya nikiwa na usingizi wa saa nne. Kasoro ya pili ni ya kimyakimya zaidi: ofisi ilisema kwamba mwenyeji hatoi taarifa yoyote kuhusu mgeni, na mimi kama mwenyeji sikuwahi kuulizwa neno, lakini mgeni hakuamini. Wageni wangu karibu wote walitandika godoro la upepo kama kitanda cha jeshini, na mmoja aliosha vyombo vyangu vya siku mbili nilipokuwa bafuni. Ilinibidi nijifunze kusema mapema, kabla hata ya kuonyesha choo, kwamba mimi sina kura.

Tangu 2020 vyuo vingi vimebaki na usaili wa kwenye skrini, na siwezi kusema ni vibaya, maana nauli zile zilikuwa zikiwatoa nje watu wa aina yangu kabla hawajafungua mdomo. Nikiwa mwaka wa nne nilijaribu huduma iliyowekwa badala yake, mazungumzo ya video kati ya mwanafunzi na mwombaji. Mwombaji alikuwa na maswali sita yaliyoandikwa, akayauliza yote kwa mpangilio, akanishukuru, na dakika ya ishirini na moja sote wawili tulikuwa tumekwisha kuzima kamera.

Natoa nyota nne kati ya tano. Ile moja niliikata kwenye ukumbi wa jengo lile, na ofisi ingeirudisha kwa kuweka tu mtu wa kupokea simu baada ya saa tatu usiku. Kwa anayekwenda kwenye siku za kutembelea ambazo baadhi ya vyuo huziandaa kwa waliokwisha kukubaliwa: kama utapewa mwenyeji, mwandikie mapema saa utakayofika, beba taulo lako, na usiku mwombe akuonyeshe anachokisoma wiki hiyo, hata akisema amechoka.