Miaka mitatu nikichimba midundo Bandcamp: uzoefu wangu

Nianze na aibu, maana ndiyo iliyonifikisha huku. Jumamosi moja nilikuwa napiga muziki kwenye sendofu, ukumbi mmoja wa Tabata. Zamu ya zawadi imefika, upande wa mama wanaingia na vitenge wamevishika juu, mashangazi mbele, nami nimewawekea rimiksi ya hausi niliyoipakua bure siku mbili kabla. Mdundo umekaa, mabega yanatingishika. Katikati ya wimbo, pale ngoma inaponyamaza ili irudi kwa kishindo, ikatoka sauti ya mwanamume kwenye spika zote nne: tembelea tovuti yetu, pakua nyimbo mpya kila siku. Shangazi wa kwanza akasimama. MC, mtu asiye na huruma hata kidogo, akashika maiki: "Wageni waalikwa, DJ wetu leo kaja na mdhamini."

Nilicheka kwa nje. Usiku ule nilipofika kwangu Sinza nikafungua kompyuta na kupitia folda nzima. Nyimbo zilizoandikwa 320, yaani kilobiti 320 kwa sekunde, kiwango cha juu cha MP3, nikaziweka kwenye programu inayoonyesha mawimbi ya sauti. Nyingi zilikuwa zimenyolewa juu ya kilohezi 16, kitu kinachotokea mara nyingi mtu akichukua faili dhaifu la 128 na kulibandika jina la 320. Kwenye hedifoni hutambui. Kwenye spika za ukumbi, matoazi yanalia kama mchanga unaopepetwa. Kesho yake nikafungua akaunti Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, na tangu hapo ndiko ninakochimba.

Maelezo ya jumla nitayapita haraka. Bandcamp ipo tangu 2008, ni duka la Kimarekani ambalo msanii au lebo hufungua ukurasa wake, huweka nyimbo na hupanga bei mwenyewe. Unasikiliza kwanza. Ukinunua, faili ni lako, iwe MP3 iliyobanwa, au FLAC na WAV zenye sauti kamili, na likipotea unarudi kulipakua bila kulipa tena. Kwenye mauzo ya faili duka linakata asilimia 15, na inashuka hadi 10 kwa aliyekwisha kuuza dola 5,000. Hayo hata mtoto atayasoma pale. Shida inayotukwamisha wengi ni nyingine: sanduku la kutafutia limekaa linakungoja, nawe hujui uandike nini, kwa sababu wimbo unaoutaka hujawahi kuusikia.

Wiki ya kwanza nilifanya kama kila mgeni, nikaandika hausi kwa Kiingereza. Yakaja majalada yasiyo na mwisho. Nikasikiliza sekunde kumi kumi mpaka masikio yakafa ganzi, nikalala.

Mlango halisi niliuona kwa bahati. Kwenye ukurasa wa kila albamu kuna picha ndogondogo za watu walioinunua, na wengine wameandika sentensi moja na kutaja wimbo walioupenda zaidi. Nilidhani ni mapambo. Siku moja kidole kikateleza kikagusa picha ya jamaa mmoja, ukafunguka ukurasa wake: kila alichowahi kununua kimepangwa mbele yako, kama kabati la kaseti la baba siku aliyosahau kulifunga. Jamaa anasema anaishi Uholanzi, ana albamu zaidi ya elfu moja. Niliingia kwake nikifuata hausi ya kizamani ya Chicago, nikashuka, nikashuka, kurasa za tekno ya Detroit, kurasa za ngoma za Durban, mpaka nikakuta jalada limeandikwa Sounds of Sisso.

Sisso, studio hii hii ya Mburahati. Kutoka kwangu mpaka kule ni bodaboda moja, tena wala hubishani sana bei.

Singeli naijua, nani wa Dar asiyeijua. Nimekua nayo kwenye vigodoro, biti za taarabu zimekazwa kasi mpaka zinatetemeka na mtu anaghani juu yake bila kuvuta pumzi. Ila nilikuwa naijua kwa wanaoimba, wale wa redioni. Mkusanyiko huu wa 2017 ulikuwa wa upande wa jikoni: watayarishaji wenyewe, kina Sisso, Jay Mitta, Bamba Pana, wakichezea mashine kwa mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Iliyoutoa ni lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, watu wale wale wa tamasha la Nyege Nyege lililoanzia Jinja mwaka 2015. Kwa hiyo muziki umetoka Mburahati, ukapita Kampala, ukakaa kwenye kabati la mtu Uholanzi, ndipo ukanifikia mimi Sinza. Niliona wivu kidogo, kusema kweli. Halafu nikanunua.

Tangu hapo ndiyo njia yangu. Nikipata wimbo ulionikamata, siendi kwenye "huenda ukapenda na hizi". Nashuka kwenye zile nyuso. Mwenye albamu elfu kumi simfuati, huyo anaokota kila kinachong'aa. Namtafuta mwenye mia mbili au tatu, ambaye tano kati ya hizo ninazo na nazipenda. Tano zikigongana, ya sita namwamini hata kabla sijaisikia. Ukimfuata, atakachonunua kesho utaarifiwa. Kwa njia hii nimemfikia Duke, mtayarishaji mwingine wa singeli, nimemfikia DJ Travella na albamu yake ya 2022, nikavuka mpaka Hakuna Kulala, lebo ndugu ya ile ya Kampala, ambayo ina vitu vizito vya kutisha, vingine huwezi kuvipiga mbele ya wakwe.

Linganisha na programu niliyokuwa nalipia kila mwezi ya kusikiliza muziki. Nilicheza amapiano mbili kwa ajili ya maandalizi ya harusi moja, ikanilisha amapiano miezi mitatu mfululizo, kama mama mkwe aliyewahi kukuona ukiongeza ugali mara moja.

Na hapo kwenye amapiano kuna jambo lazima nilieleze kwa kituo, kwa sababu ndilo lililonilipa gharama zote. Nilikuwa napanga nyimbo, deki ya kushoto amapiano, kompyuta inasoma mapigo 112 kwa dakika. Deki ya kulia nimeweka singeli niliyoinunua wiki ile, nayo inasoma 112. Nikadhani programu imechanganyikiwa. Nikahesabu kwa kugonga meza: kumbe mashine imehesabu nusu, wimbo unakimbia 224. Maana yake kila pigo moja la amapiano linabeba mapigo mawili kamili ya singeli, na hazigombani. Nimefanya kazi hii miaka tisa, na hilo sikuwahi kulijaribu, kwa kuwa kichwani singeli ilikuwa ya saa nane usiku na amapiano ya saa nne.

Nikaijaribu kwenye harusi Kigamboni. Amapiano inaendelea, besi yake imejaa ukumbi. Singeli nikaiingiza huku besi yake nimeikata kabisa, kinanda tu na vile vingoma vya juu, taratibu, kama mtu anayeingia msikitini amechelewa. Nusu dakika hivi hakuna aliyestuka. Halafu vijana wa meza za nyuma wakaisikia, wakavua viatu. Sasa nina ukumbi mmoja wenye kasi mbili: wamama wa kamati wanatembea kwenye 112 na mikoba yao begani, vijana wanakimbia kwenye 224, na wote wako kwenye mdundo. MC wangu yule yule akanisogelea akaninong'oneza, "DJ, wazee wana presha, usibadilishe chochote."

Kuhusu rimiksi, jifunze kusoma jina kabla ya kulipa. Mimi nimewahi kununua toleo la redio kwa haraka, linaanza na sauti ya mwimbaji sekunde ya kwanza, huna pa kushika. Extended mix ndilo la kwetu: mara nyingi linaanza na ngoma tupu, mapigo 64 au zaidi, ambayo kwenye wimbo wa 124 ni kama sekunde 31 za kukutosha kuunganisha bila jasho. Dub ni toleo ambalo sauti ya mwimbaji imepunguzwa au imeondolewa, zuri sana MC anapotaka kuongea juu yake. VIP ni mtayarishaji kuurudia wimbo wake mwenyewe. Rimiksi rasmi, aliyeifanya amepewa vipande vya wimbo kimoja kimoja, sauti peke yake, ngoma peke yake. Edit mara nyingi ni mtu kaukata na kuurefusha wimbo mzima ulivyo. Bootleg haina kibali cha mwenye wimbo. Zile bootleg za nyimbo za mastaa usizitegemee sana Bandcamp. Makazi yake ni SoundCloud, iliyoanzishwa mwaka 2007 na kukulia Berlin, ambako mtayarishaji wa chumbani huweka rimiksi na kitufe cha kupakua bure, na kesho ukirudi huenda imeondolewa. Huko naenda kusikiliza nani anachipukia. Jina likinikaa, narudi Bandcamp kuangalia kama ana ukurasa.

Wimbo ukiusikia ndani ya miksi ya saa mbili ya DJ mwingine, jaribu kwanza Shazam, programu ya simu ya kutambua nyimbo, ila elewa inavyofanya kazi: inachukua alama za sauti na kuzilinganisha na za rekodi iliyo ghalani. DJ akiukaza kasi na sauti ikapanda, au akiwa na nyimbo mbili juu kwa juu, alama hazifanani tena. Subiri sehemu ambayo umebaki wimbo mmoja peke yake. Usipojibiwa, pengine haujatoka bado.

Sasa pesa. Wimbo mmoja mimi hulipa dola 1 hadi 2, ambayo ni kama sahani ya chipsi mayai, albamu dola 7 kwenda juu. Kuna ambazo mwenyewe kaandika taja bei yako. Hata sifuri inakubalika, lakini usiwe hivyo. Kulipa ndiko kulikonisumbua mwanzoni. Kadi ya benki yangu, ambayo jina lake silitaji, ilikataa mara tatu, na dirishani nikaambiwa nijaze fomu ya kuruhusu manunuzi ya mtandaoni, ambayo siku hiyo ilikuwa imeisha. Nikaishia kutengeneza kadi ya mtandaoni kupitia simu: naweka kiasi ninachotaka kutumia, nalipa, inabaki tupu. Naishauri hata kwa nidhamu tu, maana saa saba usiku ukiwa na hedifoni kila wimbo unaonekana wa lazima.

Kuna na Bandcamp Friday, Ijumaa maalumu zilizoanza tarehe 20 Machi 2020 wakati wa korona, ambazo duka linaacha fungu lake na pesa inamwendea msanii. Mimi huweka nyimbo kwenye orodha ya matamanio mwezi mzima nikazilipia siku hiyo. Ila Ijumaa yao ni ya California. Mara ya kwanza niliamka saa kumi na moja alfajiri kama naenda kuwahi daladala, nikalipia nyimbo nane. Kule ilikuwa bado Alhamisi. Kwa saa zetu inaanza saa nne asubuhi, au saa tano wakati wa majira yao ya baridi, na inaendelea mpaka Jumamosi muda huo huo.

Bando nalo. WAV ya dakika sita ni kama megabaiti 60, MP3 ya 320 haifiki 15. Mimi nanunua kwa simu, napakua MP3 za kazi, halafu FLAC nazishusha siku nikiwa kwa kaka yangu mwenye waifai. Zote nazihifadhi kwenye diski ya pembeni. Duka hili liliuzwa kwa Epic Games mwaka 2022, likauzwa tena kwa Songtradr 2023 na karibu nusu ya wafanyakazi wakaachwa, kwa hiyo mimi siwezi kuliachia maktaba yangu yote.

Mwenye kupiga nyimbo za kuombwa tu, zinazovuma wiki hii, sitamdanganya: nyingi hazipo huku. Wala ukurasa wa wimbo haukuandikii kasi yake kama Beatport, duka la nyimbo za ma-DJ, linavyofanya. Utahesabu mwenyewe, na yaliyonikuta na ile 224 unayajua. Mimi nikiiweka kwenye mizani, kwa kusaka vipya naipa Bandcamp tisa kwa kumi. Ile moja ni ya macho yangu, kwa usiku niliokesha nikihama kabati hadi kabati za watu nisiowajua.

Kwenye orodha sasa hivi nina nyimbo saba, jumla dola 11, nangoja Ijumaa. MC kanipigia jana, ana sendofu Kimara mwezi ujao. Kauliza bei, kauliza spika ngapi, kisha kauliza kama na safari hii nitakuja na mdhamini.