Sidiria ya zipu mbele baada ya kuongeza matiti: maoni ya msusi wa Sinza

Bei kwanza, maana najua ndiyo mtakayoniuliza: shilingi 65,000 kwa moja, Kariakoo, na unahitaji mbili. Moja mwilini, moja kwenye kamba. Daktari wangu alitaka niivae usiku na mchana wiki za mwanzo. Sasa ukiwa na moja utaifua saa ngapi? Muuzaji atakuapia kwamba inakauka haraka. Haikauki haraka, hasa pale chini kwenye mkanda, na kuvaa kitu kibichi juu ya kidonda kinachopona ni kujitafutia balaa.

Ninayoizungumzia ni ile ya kubana, isiyo na chuma chini, inafungwa kwa zipu mbele na mabegani ina mikanda ya kunasisha. Nimeweka silikoni, chini ya msuli, na kazi yangu ni ususi. Nayataja haya kwa sababu wenzangu wa ofisini, wa kukaa mezani, wengi wanarudi kazini baada ya wiki moja hivi. Sisi tunaokula kwa mikono tuna hesabu zetu.

Zipu mbele si urembo, jamani. Siku za mwanzo mkono hauendi nyuma kabisa. Hata chupa ya maji yenye kizibo kigumu nilikuwa nampa mdogo wangu anifungulie, maana kazi zote hizo za kuvuta na kusukuma zinaugusa msuli wa kifua, na msuli wenyewe ndio huo ulionyanyuliwa ukawekewa kitu chini yake. Nguo za kuvalia kichwani weka pembeni, tafuta mashati na madera ya vifungo. Pale aliyeitengeneza ametumia akili ni ndani ya zipu: kuna vishikizo vidogo vitatu vya kushika pande mbili kwanza, ndipo upandishe zipu. Unafunga kwa vidole tu, hujikamui. Na nyuma ya zipu kuna kipande cha kitambaa laini ili meno yasikwaruze ngozi. Hapo nimempa maksi zote.

Joto sitawadanganya. Ndani ni pamba lakini nje ni naironi, na Februari ya Dar haina huruma. Mimi nilikuwa nakaa mbele ya feni, na poda nikaiweka mbali kabisa na vidonda. Usiku unalala chali, mito mgongoni na miwili ubavuni ili usigeuke usingizini. Sidiria yenyewe haikunisumbua kulala. Chali ndiyo ilinitesa, mimi ni mtu wa tumbo tangu utoto.

Sasa kasoro kubwa: mikanda ya mabegani. Ile ya kunasisha inanasa kila kilichopita jirani. Niliporudi saluni, kichwa kimoja tu cha rasta na bega langu lilikuwa limeota nywele. Nyuzi zinaingia kwenye vile vimiba hadi mkanda unakosa mahali pa kushika, unaachia katikati ya kazi, upande mmoja unashuka na wewe mikono imejaa nywele za mtu. Nilizichomoa kwa kibanio cha nyusi, moja moja, kisha nikamwomba fundi cherehani wa jirani anishonee kitambaa kama mfuniko. Shilingi 2,000, tatizo likaisha. Sijui kwa nini kiwanda hakikuweka vishikizo hapo pia.

Kazi yenyewe nimeirudia kwa kuchagua. Mteja anakaa chini kwenye mkeka, mimi kwenye kochi, viwiko viko karibu na mbavu. Twende kilioni nilianza nazo. Kuosha nywele kwenye sinki, kushika drai juu ya kichwa cha mtu na kushusha maboksi ya rasta kutoka shelfu ya juu niliwaachia wasichana, wakanung'unika wakazoea. Kama uko peke yako saluni, weka akiba ya kodi kabla ya kupanga tarehe ya upasuaji, maana sidiria haitakulipia.

Halafu ina hatari moja ambayo haiandikwi kwenye boksi: ukishaivaa unajisikia umeshikwa vizuri, maumivu yanapungua, unajiona umepona. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20, na mimi niliambiwa vizito na mazoezi ya nguvu vingoje kama wiki sita, tena mpaka daktari akague. Mwanangu ana miaka miwili, hajui habari za daktari. Nilikuwa nakaa chini, yeye ndiye anapanda mapajani. Kumnyanyua, hapana.

Ilipojilipa kabisa ni kwenye bajaji. Barabara yetu ina matuta na mashimo, na bila kushikwa kila tuta unalitaja jina la mama yako mzazi. Nikiwa nayo, nilifika nikiwa bado naongea vizuri. Bodaboda sikupanda. Na wenye magari, usiendeshe wakati bado unameza dawa kali za maumivu, zinaleta usingizi.

Muuzaji sasa. Duka silitaji, dada ana maneno matamu, lakini mawili hayana ukweli. La kwanza, kwamba sidiria hii inazuia titi kukakamaa. Mwili hujenga ngozi ya kovu kuzunguka silikoni, na kwa baadhi ya watu kovu hilo linakaza mpaka titi linakuwa gumu na kuuma. Hilo linapelekwa hospitali, siyo dukani. La pili, anamuuzia kila mtu mkanda wa juu, ule wa kupita juu ya matiti kuyasukuma chini. Wako wanaoandikiwa na daktari wao, mimi nilikatazwa. Dada aliponiona nasita akaniambia, "Chukua tu, kinga haina hasara." Nikamrudishia.

Na saizi zake hazieleweki. M ya kwanza aliyonipa ilikuwa inaacha alama nyekundu kwenye mbavu, pumzi haishuki. Alikataa kubadilisha, eti nguo ya ndani haibadilishwi, mpaka nilipomwonyesha lebo haijatolewa na sikuwa nimetoka nayo dukani. L ndiyo ilinikaa. Nenda kapimwe kwa futi, tena ukumbuke mwili utakuwa umevimba.

Alama ya mkanda inaisha ukilegeza. Kisichoisha kwa kulegeza ni titi moja kuvimba ghafla kuliko jingine, wekundu unaosambaa na joto, usaha au homa. Mguu mmoja ukivimba na kuuma nyuma ya goti kushuka chini, au pumzi ikabana, usipige simu kwa shoga, panda gari uende hospitali.

Boksi lina mfuko mdogo wa zipu ambao sikujua ni wa nini. Nimeweka humo kadi ya silikoni, ile yenye jina la kampuni, saizi na namba. Usiitupe. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, inashauri mwenye silikoni apimwe kwa ultrasaundi au MRI mwaka wa 5 hadi wa 6 hata kama hasikii kitu, kisha kila miaka 2 hadi 3, kwa kuwa silikoni inaweza kupasuka kimyakimya. Siku hiyo utaulizwa namba.

Kwa jumla, nyota nne kati ya tano. Chukua ya rangi ya ngozi au nyeusi. Nyeupe ya kwangu imeshashika jasho kwapani na jiki huruhusiwi, inaua mpira.