Mkopo wa simu au kikoba: kikomo kipi kinakufaa?

Kwa mchuuzi wa Mwanjelwa au mkulima wa viazi Uyole, jijini Mbeya, cha kuangalia kwanza ni kikomo, yaani kiasi cha juu unachoweza kukopa. Kikoba, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, hupima kwa hisa: vingi hukopesha hadi mara tatu ya hisa zako, hivyo hisa za shilingi 300,000 hufungua mkopo wa 900,000, wadhamini wakikubali. Simu huangalia miamala na marejesho yako. Huanza na kiasi kidogo, hupanda ukilipa kwa wakati, na hushuka ukichelewa, hata deni likiwa dogo.

Kwa haraka, simu haina mpinzani: mzigo wa nyanya ukishushwa alfajiri, huwezi kusubiri kikao. Lakini tazama muda. Ada ya asilimia 10 kwa siku 30 ni ghali kuliko asilimia 10 kwa miezi mitatu ya kikoba, tena riba ya kikoba huwarudia wanachama kwenye mgao.

Udhaifu wa kikoba ni kalenda. Vikundi vingi huvunja mzunguko na kugawana fedha Desemba na husitisha mikopo wiki kadhaa kabla, wakati mvua za Mbeya zimeanza na mbolea inatakiwa shambani. Mkulima aombe mapema, Septemba. Anayezungusha mtaji kila siku simu inamtosha, mradi alipe deni jioni ileile ya mauzo.