Morane-Saulnier Aina ya N: Mbio Inazo, Shida Iko Puani

Karibuni watazamaji. Leo tunaikagua Morane-Saulnier Aina ya N, ndege ya kivita ya Ufaransa yenye bawa moja kila upande, iliyoingia vitani mwaka 1915. Waingereza waliibandika jina la Risasi, na ukiitazama ubavuni jina limeikaa: kiwiliwili cha mviringo, fremu ya mbao iliyovikwa kitambaa, na pua iliyochongoka.

Vipimo tuvipitie haraka. Upana wa mabawa mita 8.15, urefu mita 5.83, injini ya Le Rhône ya nguvu farasi 80, mwendo kama kilomita 144 kwa saa. Kwa mwaka ule, hiyo ni mbio hasa.

Sasa sogeeni hapa puani. Hii kofia kubwa ya chuma juu ya kitovu cha propela iliwekwa ili ndege ikate upepo vizuri. Lakini nyuma yake kuna injini ambayo silinda zake 9 huzunguka pamoja na propela na kupozwa na hewa tu. Kofia inabakiza mwanya mwembamba wa kupitisha hewa, injini inachemka. Baadaye wakaachana na kofia hiyo kubwa, na mwendo haukupungua sana. Yaani urembo wote ule, faida kiduchu!

Kasoro kubwa ni silaha. Rashasha imefungwa mbele ya rubani, inapiga katikati ya mapanga ya propela bila mtambo wa kuipangia muda ili risasi zisigonge mapanga. Kinachoinusuru propela ni kabari za chuma zilizofungwa mgongoni mwa kila panga, upande unaomtazama rubani, sawa na mstari wa rashasha. Risasi ikigonga kabari inachepuka. Inachepukia wapi, hakuna ajuaye. Na kila pigo linatikisa propela na injini, achilia mbali kwamba kabari zenyewe zinapunguza uwezo wa propela kuvuta. Rubani Mfaransa Roland Garros aliangusha ndege kwa mbinu hii Aprili 1915, ila yeye alikuwa na Morane-Saulnier Aina ya L, yenye bawa juu ya kiwiliwili. Msizichanganye.

Kuirusha nako kuna kazi. Kulala kushoto au kulia, rubani anapinda bawa lenyewe kwa waya. Hakuna vibawa vidogo vya pembeni. Wanaounda modeli, msichore mistari ya vibawa hapo! Kwenye mkia, kipande kizima cha kuinua na kushusha pua kinacheza, kwa hiyo ukigusa fimbo kidogo tu ndege imeshaitika. Ukiacha fimbo, haijinyooshi. Inatua kwa kasi pia, na hapo rubani mgeni ndipo anapoumbuka.

Kwangu mimi, Nieuport 11, ndege nyingine ya kivita ya Ufaransa yenye bawa la juu na la chini, inaishinda: nguvu farasi zilezile 80, lakini rashasha iko juu ya bawa la juu, risasi zinapita juu ya propela bila kuigusa.