Zoekt kwa wakala wa akili unde: mbio anazo, habari zake za jana

Hukumu kwanza. Zoekt ni mtambo mzuri wa kutafuta ndani ya msimbo, lakini ukimkabidhi wakala wa akili unde hivihivi ulivyo, utampotosha, tena kwa kasi. (Wakala hapa si yule wa kutolea pesa, ni programu inayosoma msimbo, kuubadili na kuujaribu yenyewe.)

Ni ya bure, imeandikwa kwa lugha ya Go, leseni yake Apache 2.0. Aliianza Han-Wen Nienhuys akiwa Google, na siku hizi inatunzwa na kampuni ya Sourcegraph. Inakata maandishi herufi tatu tatu na kukumbuka kila kipande kimekaa wapi, ndiyo maana swali la herufi mbili halipati msaada wa faharasa (ndiyo hiyo kumbukumbu ya vipande). `zoekt-git-index` huandika faharasa ndani ya `~/.zoekt`, `zoekt-webserver` huisoma na kujibu kwenye mlango 6070. Ukiongeza `-rpc`, wakala anauliza kwa JSON kupitia `/api/search`. Kwa ofisi ndogo ya Chumbageni, Tanga, yenye seva moja chini ya meza, hakuna cha kulipia kila mwezi.

Sasa kasoro. `zoekt-git-index` inasoma komiti, yaani mabadiliko uliyokwisha kuyahifadhi rasmi ndani ya git; haisomi faili unaloliandika sasa hivi. Chukua programu ya ghala la katani: wakala amebadili `hesabuRobota` kuwa `jumlaRobota` kila mahali, bado hajakomiti. Akiuliza, Zoekt inamwonyesha jina la zamani limejaa tele na jipya halipo. Hapo ama ataanza "kurekebisha" kilichokwisha kurekebishwa, ama ataandika `jumlaRobota` ya pili. Ni sawa na kuelekezwa kwa fundi Ngamiani barabara ya 9, kumbe kahamia ya 14 tangu juzi. Mafaili ya wakala ni waja leo waondoka leo. Faharasa ya usiku mmoja haiwawezi.

Dawa ni kuunganisha vyombo viwili. Yaliyokomitiwa muulize Zoekt. Yaliyoguswa, yaani yaliyobadilishwa bila kukomitiwa, yatafute kwa ripgrep (amri yake `rg`), chombo kinachosoma mafaili yenyewe moja kwa moja bila faharasa. Orodha ya yaliyoguswa itoe hivi: `git diff --name-only --diff-filter=d HEAD`, kisha ongeza `git ls-files -o --exclude-standard` kwa mafaili mapya. Wengi hutumia `git ls-files -m` peke yake, nalo linaruka kila kilichokwisha kupita `git add`. Halafu, na hapa ndipo watu husahau, majibu ya Zoekt yanayotoka kwenye mafaili hayo yaliyoguswa yatupwe, pamoja na yale ya mafaili yaliyofutwa. Usipoyatupa, wakala anapata majibu mawili yanayopingana na atachagua lolote.

Upande wa komiti, weka mstari huu kwenye `.git/hooks/post-commit`, na nakala zake kwenye `post-merge`, `post-checkout` na `post-rewrite` (hizi ni hati ambazo git huziendesha yenyewe baada ya kila tendo; `flock` huzuia kazi mbili zisiandike kwa pamoja):

`flock /tmp/zoekt.lock $HOME/go/bin/zoekt-git-index -index $HOME/.zoekt . >/dev/null 2>&1 &`

Njia kamili ya `go/bin` si mapambo: kihariri mara nyingi hakina `PATH` (orodha ya mahali pa kutafuta programu) ya teminali yako, na hapo kazi inafeli kimya. Kwenye `flock` usiweke `-n`. Komiti ya pili ikija wakati ya kwanza inaandikwa, `-n` huiacha, na faharasa inabaki nyuma mpaka komiti nyingine. Kupanga foleni hakuna gharama kubwa, kwani Zoekt ikikuta hakuna kilichobadilika inaondoka. Usisahau `chmod +x`, ili hati ziweze kuendeshwa.

Umeme ukikatika katikati ya uandishi? Hapa tunaisifu. Kipande kipya cha faharasa huandikwa pembeni kwa jina la muda, ndipo kibadilishwe jina. Cha zamani kinabaki kizima. Futa mabaki ya `.tmp`, endesha tena. Seva nayo huona vipande vipya bila kuzimwa.

Ukiendesha mawakala wawili, kila mmoja na nakala yake ya repo (hazina ya msimbo) ileile, angalia: Zoekt huchukua jina la repo kutoka anwani ya `origin` (seva ya mbali ilikotoka nakala), hivyo nakala mbili zinafutiana faharasa. Kila nakala ipe `-index` yake. Na repo ukiifuta, mafaili yake ya `.zoekt` yaondoe kwa mkono, la sivyo mzimu wake utaendelea kujibu.

Faili linalozidi MB 2 halisomwi ndani, mpaka ulitaje kwa `-large_file`. Kwa msimbo ulioandikwa na binadamu haliumi.

Kama una repo moja ya mafaili mia chache, wala usihangaike: `rg` peke yake inamaliza kabla hujainua kikombe, na haina faharasa ya kuchakaa. Zoekt inaanza kulipa pale repo zinapokuwa nyingi na mawakala wanauliza mfululizo.