XCOM 2: uzoefu wangu na vita ambavyo binadamu walikwisha kushindwa

XCOM 2, mchezo wa kompyuta wa kuongoza kikosi vitani kwa zamu, uliotengenezwa na Firaxis na kutolewa Februari 2016, unaanzia pale ambapo michezo mingi ya vita humalizikia. Ni mwaka 2035, miaka 20 tangu dunia isalimu amri mbele ya viumbe kutoka anga za juu, na utawala wao uitwao ADVENT unalindwa na askari waliotengenezwa kwa kuchanganya chembe za urithi za binadamu na za hao wavamizi. Nimeucheza pamoja na nyongeza yake ya 2017, War of the Chosen. Picha na sauti zake ni nzuri, wala hazihitaji maelezo yangu. Kilichonishika ni jinsi mchezo huu unavyomtazama askari asiyejulikana yuko upande gani.

Jambo hilo hulioni kwanza katika hadithi, bali uwanjani. Sectoid, kiumbe mwembamba mwenye kichwa kikubwa, ana uwezo wa kuiteka akili ya askari. Unakuwa umempandisha mdunguaji wako juu ya paa, askari uliyemlea tangu akiwa kuruta na pengine ukampa jina la rafiki yako, mara kiumbe yule ananyoosha mkono, na zamu inayofuata bunduki ile ile uliyomboreshea kwa akiba ya kikosi inawageukia wenzake. Ukimuua Sectoid, au ukimvuruga kwa bomu la mwanga, askari hurudiwa na akili zake papo hapo. Shida ni pale Sectoid anapokuwa nyuma ya ukuta na hakuna anayemfikia, kwani hapo unabaki na mambo mawili tu: kumpiga risasi mtu wako mwenyewe, au kuwaacha wengine wawe shabaha yake. Aliyekufa hafufuki, na ukichagua kucheza kwa Ironman huna nafasi ya kurudi kwenye hatua uliyoihifadhi zamani ili ujaribu tena. Sijaona mchezo mwingine unaonifanya nikiogope kipanya changu kiasi hicho.

Nyongeza ndiyo inayoleta askari wanaolibeba suala hili kwa hiari yao. Skirmisher ni askari wa zamani wa ADVENT waliojinasua kutoka katika udhibiti wa mabwana wao na kujiunga na upinzani, huku Reaper, wawindaji wanaojificha porini, wakiwa wamezoea kuwaua watu wa aina hiyo bila kuuliza maswali. Katika operesheni ya mwanzo inabidi pande hizo mbili zikutane chini yako, na baadaye Mox, Skirmisher wa kwanza unayemfahamu, huangukia mikononi mwa adui, nawe ukalazimika kutuma kikosi kumkomboa mtu ambaye miaka michache nyuma angewapiga risasi hao hao wanaomkomboa. Hata wewe kamanda si msafi: chipu uliyopandikizwa kichwani ulipokuwa mateka iliwawezesha wavamizi kuitumia akili yako ya kivita, na mtaalamu anayekuondolea chipu hiyo, Tygan, naye aliwahi kuifanyia kazi ADVENT.

Lawama yangu ni kwamba waandishi wameishia njiani. Akishaingia kikosini, Mox hasiti tena. Ukimwamuru awafyatulie risasi askari wa ADVENT, ambao ni ndugu zake wa kuzaliwa katika maabara moja, anatii kama mwingine yeyote, na hakuna kanuni inayompa hata zamu moja ya kusitasita. Ningependa mchezo unitoze gharama hapo. Wanaoonyesha unafiki wa kweli ni Faceless, wavamizi waliojigeuza sura ya raia: unakimbia kumwokoa mwanakijiji, naye anafumuka na kuwa jitu lenye kucha ndefu, na ndipo unapokumbuka kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Lakini hao walikuwa maadui tangu mwanzo, si watu waliogawanyika mioyo.

Pamoja na hayo, naupa mchezo huu alama 8 kati ya 10. Anayetaka kuuanza auchukue pamoja na nyongeza hiyo, kwa sababu bila hiyo Skirmisher hawamo kabisa, na aanze na kiwango cha chini cha ugumu hadi atakapozoea kuwazika askari wake.